Mama Nusu Saa na Muhuri Wake

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Nusu Saa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba namba nne, chumba cha ultrasaundi cha kliniki yetu ya wajawazito. Mhariri wa jarida ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nina hasira na sitaificha.

Alianza kazi mashine ikiwa kubwa kama kabati la nguo na picha zake ukungu mtupu. Amefundisha wapimaji kumi na wanane. Hajawahi kurudisha kalamu hata moja aliyoazima kwetu masjala.

Kila mama aliyefika na mimba ya wiki ishirini hivi alielezwa kila kitu kabla ya kuguswa. Jeli ni ya baridi, utashtuka kidogo, lakini kipimo hakiumi. Tutaanza na kichwa, twende kwenye midomo, uti wa mgongo, vyumba vinne vya moyo, figo, mikono na miguu, kisha tutazame kondo la nyuma limekaa wapi na maji yanatosha au la. Nikinyamaza usiogope, mwanangu, nahesabu tu. Na baba aliyeuliza kama ni wa kike au wa kiume kabla hata hajakaa aliambiwa atulie, kwanza tuujue moyo, habari za rangi ya nguo baadaye.

Yote hayo yalichukua nusu saa, ndipo jina likamganda. Foleni ilinung'unika, na sisi wafanyakazi tulimsema vilevile. Mimi nilikuwa kinara.

Fomu yetu ya majibu ina visanduku viwili tu: Kawaida na Si kawaida. Lakini mtoto akilala vibaya, moyo hauonekani. Wengine walitia alama kwenye Kawaida ili foleni isogee. Yeye alikwenda kuchongesha muhuri wa mpira wenye maneno BADO SIJAONA, akawa anaupiga pembeni, kisha anamtuma mama atembee kidogo ukumbini au arudi siku nyingine.

Miaka tisa iliyopita alikuja mwalimu wa chekechea, mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amegeuza mgongo, hataki kuonwa. Mwalimu alitembea ukumbi mzima mara mbili, bila mafanikio. Muhuri ukapigwa. Wiki iliyofuata, vilevile. Siku hiyo msimamizi wa zamu aliingia na fomu mkononi, akamwamuru atie alama kwenye Kawaida, akauliza kama kliniki nzima ina mtoto huyo mmoja tu. Mama Nusu Saa alikataa kuandika asichokiona. Jioni akapewa barua ya onyo: uzembe na kuchelewesha wagonjwa.

Mara ya tatu mtoto aligeuka. Moyo haukuwa sawa, na daktari akaitwa papo hapo. Mtoto alizaliwa katika hospitali kubwa, madaktari wa upasuaji wakimsubiri, akapasuliwa wiki ileile. Angezaliwa hapa kwetu tungemtazama tu. Sasa yuko darasa la pili, na Ijumaa ndiye atakayemkabidhi Mama Nusu Saa maua.

Je, barua ilifutwa? Thubutu! Msimamizi alipanda cheo. Mama Nusu Saa alinyimwa ukuu wa kitengo mara mbili kwa sababu ya karatasi hiyo, na aliyeitoboa na kuiweka kwenye faili ni mimi, karani wa masjala. Uzembe! Programu ya Ijumaa inamwita mtumishi wa mfano, lakini alipoomba jambo moja tu kabla ya kuondoka, barua ile itolewe, aliambiwa utaratibu hauruhusu. Aibu ni yetu.

Jumatatu aliniachia muhuri wake nimpe binti anayempokea kazi. Nitampa. Ila jana niliutumia kwanza. Nilifungua faili, nikaisoma barua mstari kwa mstari nikiutafuta huo uzembe, kisha nikaugonga muhuri juu ya neno lenyewe, nikatia saini na tarehe. Mwenye swali anajua masjala ilipo.

Ahsante, mama, kwa kila nusu saa. Nenda ukaishi vizuri, na huko nyumbani uchelewe upendavyo.