Kompyuta Niliyoiandikia HAIFAI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkuu wa Chuo chetu. Wakufunzi wenzangu mnaobaki na chaki. Ndugu wageni waalikwa wa hapa Kasulu, nanyi wazazi mliodamka Busunzu ili mhakikishe kweli naondoka: amahoro, amani kwenu!

Nimeambiwa nizungumzie miaka yangu thelathini na moja ya kufundisha. Sitaweza. Nitazungumzia kosa langu moja, maana limekaa hapo mezani, mnaliona, na ubavuni lina maandishi yangu mekundu: HAIFAI.

Kompyuta hii ni ya zahanati ambako Muuguzi Josepha huchanja watoto. Walitaka iwe na majina laki mbili ya watoto wa kata zetu na chanjo zao, ili mama aliyepoteza kadi ya kliniki asirudishwe nyumbani. Mwanafunzi wangu Kezia Ndayikunda akaandika programu ya kuyatafuta, kwa lugha ileile nyepesi ya kompyuta, ya skripti, tunayoanza nayo darasani. Siku ya majaribio mashine ikajaa majina, ikaganda mbele ya foleni ya akina mama. Dada Asnath alikuja na mwanawe Harerimana, kadi imeloa mvua hadi wino umekwisha, akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata akaambiwa vilevile. Nani kati yenu angerudi mara ya tatu?

Mimi nikachukua kalamu nyekundu. Nikamwambia Kezia aache kuhangaika, tuombe mashine mpya. Hakubishana, mnamjua Kezia, akikasirika adabu inazidi.

Akaenda nyumbani Jumapili, na huko, ndugu zangu, ndiko kazi ilikofanyika. Kwao wamezaliwa sita, na kila mtoto ana jina lake, si la baba, kama ilivyo desturi. Lakini mama yao kila alipojifungua alianza na mwanzo uleule: Ndayisenga, Ndayikunda, Ndayizeye, hadi wa mwisho. Basi mama akiita "Ndayi..." uani, wote sita wanasimama. Akimalizia "...kunda", watano wanarudi kwenye shughuli zao. Siku hiyo Kezia akabaki amesimama na ndoo mkononi, akamuuliza mama yake: "Kwa nini programu yangu inaandika Ndayi mara elfu ishirini?"

Jibu Kezia alikuwa nalo tayari. Akaiandika Ndayi mara moja tu, majina mengine yakachipuka kutoka hapo, tawi kwa tawi. Matawi yenyewe akayaweka kwa sifuri na moja tupu, mfululizo mrefu, na kila baada ya hatua kadhaa akatia alama ya idadi ya moja zilizokwisha kupita, kama mpimaji anavyochomeka vigingi shambani asirudie kuhesabu tangu mpakani. Kiini akakiandika upya kwa lugha ya C, iliyo karibu na mashine, akakifungasha kiwe maktaba ya programu, kifurushi kilicho tayari, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiita kwa mstari mmoja wa skripti. Majina yaliyokuwa yakiijaza mashine nzima sasa yanakaa kwenye kipembe chake, na yanatafutwa humohumo bila kufumuliwa.

Na Asnath alirudi mara ya tatu. Kumbe wapo wanaorudi! Josepha ananiambia aliandika jina, na kabla mama hajafungua kanga ya mgongoni, Harerimana alikuwa kwenye kioo cha kompyuta na chanjo zake zote, ilibaki moja. Akachomwa, akalia, na mimi niliposimuliwa nililia pia, sioni haya kusema. Leo zahanati kumi na moja, kutoka Kibondo hadi Buhigwe, zinatumia kazi ya binti huyu, na hakuna hata moja iliyonunuliwa mashine mpya.

Kezia, simama watu wakuone. Mwalimu wako alikosea, na amefurahi mno kukosea.

Asubuhi niliomba spiriti nifute maandishi yale. Kezia akanikatalia: "Yaache, Mwalimu. Hayo ndiyo yaliyonikasirisha vizuri."

Basi yabaki. Kwa kunisikiliza na kwa kunicheka, asanteni sana. Kati yangu na kompyuta hii, anayestaafu leo ni mimi. Yenyewe kesho alfajiri inapanda basi, inarudi kazini.