Hodi ya Mwalimu Kemuma

Barazani kwa Jaffer, sokoni Nyakoe, palikuwa na benchi refu la mvule lililong'arishwa na makalio ya wasemaji kuliko randa ya seremala. Alfajiri lilikaliwa na baridi ya milima. Kisha Shueib alikuja na birika lake la kahawa na jiko dogo la makaa, na baridi ikahama. Jaffer mwenye duka aliitwa Mizani, kwa sababu hakuacha neno lipite bila kulipima. Gulled, mchuuzi wa ng'ombe, aliitwa Maili Mia. Onsongo aliitwa Gazeti, ingawa hakujua kusoma hata herufi moja. Habari zilimfuata zenyewe. Na kwenye ncha ya benchi, karibu na nguzo, alikaa Nehemiah, Baba Benta, ambaye hakuwa na jina la utani. Alikuwa mume wa Mwalimu Kemuma, na hilo lilimtosha.

Mwalimu alifariki watu wakipalilia wimbi. Walimzika kando ya nyumba, upande wa kushoto, kama azikwavyo mama wa mji, na wanafunzi wake wakaimba mpaka jua likainama. Sasa wimbi ulikuwa ghalani, na Nehemiah alikuwa amefika pale ambapo mtu husikia jina la marehemu wake akatabasamu. Ndiyo maana hakukosa benchini. Pale Kemuma alitajwa kila siku: ukali wake, kicheko chake, uji wake wa wimbi ambao Gazeti aliapa ulimponya mgongo.

Lakini asubuhi hiyo Gazeti alileta habari nyingine. Yule mwalimu mpya, kijana wa pande za ziwani, alikuwa anafunga sanduku lake. Kila akiingia darasani watoto hukaa kimya. Hawasimami, hawaitikii salamu, wanatazama mlango tu. Ijumaa anarudi kwao, na wamisheni wamesema hawana mwalimu mwingine. Shule itafungwa.

Nehemiah aliweka kikombe chini. Shule ile Kemuma aliianzia jikoni kwake, akiwafundisha watoto wa majirani kuandika kwa mkaa juu ya vigae, mpaka wazazi wakaona haya na kuja kukandika udongo wa darasa. Ikifungwa, kitakachobaki ni kaburi peke yake.

— Hawamwelewi, akasema Mizani. Kiswahili chake ni cha ziwani.

— Na chako wewe ni cha wapi? Shueib akamtania. Cha nyuma ya kaunta?

Maili Mia aliona jambo lile ni jepesi. Ng'ombe akifiwa na mkamaji wake, alisema, huwa anabana maziwa. Mkono mgeni haupati kitu mpaka ujifunike nguo ya yule wa kwanza. Kwa hiyo kijana avalishwe kitambaa cha kichwa cha marehemu, aingie nacho darasani. Benchi lilitikisika kwa kicheko, na Nehemiah naye akacheka, akikiona kile kitambaa chekundu juu ya kichwa cha mwanamume.

Gazeti hakucheka. Alisogea mbele na kushusha sauti.

— Mnauliza wanatazama nini mlangoni. Wanamwona marehemu. Anakuja kila asubuhi, anasimama pale. Amewashika wale watoto.

Shueib aliacha kumimina.

— Onsongo, akasema Nehemiah polepole, Mama Benta hakumshika mtoto wa mtu akiwa hai. Afe ndipo aanze?

Gazeti aliomba radhi, na aliiomba kwa moyo. Lakini Nehemiah aliujua mdomo ule. Kabla ya jioni neno lingezunguka soko zima, na kesho akina mama wangekuja wenyewe kuwatoa watoto, wakimwogopa mwanamke aliyewafundisha kusoma.

Wakati huo kijana mwenyewe akatokea, Eliakim Obiero, amevaa kaptura iliyopigwa pasi vizuri. Alitaka kamba ya kufungia sanduku. Mizani hakuwa na haraka ya kuikata. Shueib alimpa kahawa, Nehemiah akamsogezea nafasi.

— Sijawapiga, wazee wangu. Sijawatukana. Nikisema hamjambo, wanatazama nyuma ya mgongo wangu.

— Unaingiaje? Nehemiah akauliza.

— Kwa mlango, mzee.

Wenzake wakacheka. Nehemiah alikuwa ameshika nguzo.

— Ukifika hapo mlangoni unafanya nini?

— Naingia tu. Si ni darasa langu?

Nehemiah akaiachia nguzo. Alikuwa amekumbuka siku ya manyunyu aliyompelekea mkewe mwavuli shuleni. Alimkuta amesimama nje ya darasa, mvua inamlowesha mabega, anapiga hodi na kungoja. Ndani sauti nyingi zikaita "Soa!", kama tunavyomkaribisha mgeni nyumbani, na madawati yakakwaruza chini watoto wakisimama. Hakushangaa siku ile. Hata jikoni kwake Kemuma alipiga hodi, hata kama ndani mlikuwa na chungu peke yake.

Aliwasimulia hayo yote, kisha akamgeukia kijana.

— Wanakungoja, mwanangu. Kwao wewe bado uko nje.

Eliakim alimaliza kahawa yake. Halafu akaicheka kaptura yake, au sanduku lake, au yote mawili, akamwambia Mizani asiikate kamba. Alikwisha kushuka barazani, akielekea shuleni, alipogeuka.

— Lakini mzee, kwa nini alipiga hodi darasani kwake mwenyewe?

Mizani hakupata la kupima. Hata Gazeti alikosa habari. Wote wakamtazama Nehemiah. Alikuwa amesema "Soa" miaka yote ile bila kuuliza. Akatikisa kichwa, akitabasamu. Kemuma angelifurahia swali lile.

Shueib aliinamisha birika. Likatoa tone moja na masimbi ya kahawa. Hakuna aliyeondoka.

Ng'ambo ya soko kengele ililia, kukawa kimya. Kisha ikaja, nyembamba na ya pamoja, sauti ya darasa zima: "Soa!" Madawati yakakwaruza.

Nehemiah akajikuta amesimama.