Mwalimu Fanuel Rwechungura, Mwenyekiti Aliyerudi Kuwa Mwanachama

Mwalimu Fanuel Rwechungura, tunayemlaza leo hapa Plumstead, London, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1950 huko Kamachumu, mkoani Kagera, mtoto wa nne wa Mzee Petro na Ma Yustina. Wazazi walidhani atakuwa mchungaji, kwa jinsi alivyopenda kusema.

Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha Sekondari ya Kahororo. Huko aliangukia kitabu chakavu kuhusu John Quincy Adams, rais wa sita wa Marekani, na tangu siku hiyo hakupona. Mwaka 1979 alikuja London kusomea ualimu.

Alifundisha historia katika shule ya sekondari Woolwich hadi alipostaafu mwaka 2012. Wanafunzi wake walimjua Adams kuliko walivyowajua wafalme wao: kwamba alikuwa balozi Ulaya angali kijana, akaoa hapa London mwaka 1797, akawa rais kwa muhula mmoja, akashindwa uchaguzi. Kisha, badala ya kukaa nyumbani na kununa, alirudi kuwa mbunge wa kawaida, akapinga utumwa hadi alipoanguka kitini pake bungeni, mzee wa miaka themanini.

Tarehe 28 Julai 1984 Mwalimu alimwoa Generosa, muuguzi. Kila kumbukumbu ya ndoa yao alimpeleka kulitazama kanisa alimooa Adams. Generosa angependelea mgahawa, lakini alizoea.

Kwa miaka mingi aliongoza Jumuiya yetu ya Wanakagera, inayozika watu wetu na kuwafariji wafiwa. Mwaka 2011 Bi Myriam alimshinda katika uchaguzi. Sote twajua tabia yetu: anayeshindwa hujitenga na kuanzisha chama chake. Nusu ya wanachama walijaa sebuleni kwake, ukumbi wameshaukodi, wanamngoja yeye tu aseme neno. Naye alikuwa ameumia sana. Siku ya makabidhiano hakutaka kutoka kitandani. Alimwambia mkewe kwamba hata Adams hakwenda kumwona aliyemshinda akiapishwa.

“Basi hapo alikosea,” Generosa alimjibu. “Vaa shati, Baba Jane.”

Akavaa. Alikabidhi funguo, akaketi nyuma, na mkutano uliofuata akaomba kuingia kamati ya mazishi, kazi ambayo kila mtu huikwepa. Waliokodi ukumbi walimcheka: mwenyekiti mzima anabeba masufuria? Lakini hawakuwa na wa kumfuata, wakarudi mmoja mmoja.

Februari 2024 alipata kiharusi. Bi Myriam alikuwa akija kumsimulia ya mkutanoni, naye, kwa sauti kidogo iliyobaki, akimkosoa. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, katika hospitali ya Queen Elizabeth, Woolwich, Generosa akiwa amemshika mkono. Tumeumia, wala hatufichi.

Ameacha mjane, Generosa. Watoto wawili, Jane na Collins. Wajukuu watatu, waliomwelewa kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza. Na Jumuiya moja. Zingekuwa mbili, leo tungekuwa tunabishana ni ipi imzike.

Bwana amlaze pema Mwalimu wetu.