Mwambieni Asukume

Aristote, Larissa, wanangu, fumbeni macho kwanza, kama nilivyowaambia watoto darasani kule Lubumbashi. Mwoneni mtu mzima amesimama nje ya mlango wetu hapa ugenini Schaerbeek, theluji mabegani. Mlango haujafungwa kwa ufunguo, lakini yeye anangoja afunguliwe.

Huyo ni Hilaire. Tulimzika pamoja, lakini mimi bado namsikia akipumua pale chini, na tangu nilipolazwa na ugonjwa kitandani hapa amesogea karibu.

Alifungiwa miaka mingi katika nyumba ya matajiri, akipika na kufua bila mshahara, hata alipookolewa mkono wake ulikuwa umesahau kufungua mlango. Wengi waliotoka katika kifungo kama hicho wako hivyo. Ndiyo maana darasa langu la watu wazima, hapo chini ya nyumba hii, sikulianza kwa herufi, nililianza kwa mlango, nikimwambia: sukuma, papa, hakuna wa kukugombeza. Akajifunza, akaacha pombe aliyokuwa akijifariji nayo, akausukuma hata mlango wa ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, akajiandikisha kupiga kura. Alirudi anacheka: "Maman, baliniuliza jina, na mi mwenyewe njo nilijibu!"

Jioni ile marafiki wakamvuta hadi kwenye baa za barabara ya Chaussée de Wavre, wakamnunulia bia, ati uhuru mkavu haupendezi. Pombe ikamrudisha kimawazo kule alikofungiwa. Asubuhi tulimkuta kizingitini petu, amekauka kwa baridi, uso wake umeuelekea mlango ambao mtoto angeusukuma. Hakubisha. Aliyezoea kufungiwa habishi. Na siku ya kura ilipofika, hakuwapo.

Sasa, Aristote, jana ulidhani nimelala ukamnong'oneza dada yako: "Bon, maman akisha kwenda, kule chini tuweke nganda ya kuuza bia, batu banapenda ambiance." Nilisikia, papa, mwanangu, wala sikukasirika, una watoto wa kulisha. Nyumba ni yenu nyote wawili, vyumba vya juu pangisheni mpendavyo. Lakini chini pasiuzwe bia, pana mtu mlangoni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: wapo wanaotoka kifungoni leo wasiojua kwamba mgeni naye, miaka yake ya kuishi hapa ikitimia, ana kura ya komini akijiandikisha. Larissa, wanyweshe chai, wasindikize hadi komini, kisha uwaache waingie wenyewe.

Nipe maji... basi, yatosha. Mungu awashike mkono, msichukiane kwa ajili ya kuta.

Akisimama mtu pale nje, msikimbilie kumfungulia. Kaeni upande wa ndani, semeni naye taratibu mpaka... Nawaomba mkumbuke hilo moja tu, wanangu. Mwambieni asukume. Hata akiwa ni Hilaire.