Pengo la Agosti: Kumuaga Torbjørg Nymoen

Tromsø, Ijumaa, 28 Novemba 2025. Asubuhi nyuzi nne chini ya sifuri, theluji laini, upepo mdogo wa kusini. Leo Torbjørg Nymoen, msimamizi wa sampuli katika meli ya utafiti Isbrodd, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu.

Alipanda meli mwaka 1992 kuosha chupa za kuchotea maji. Baadaye akakabidhiwa mabomba ya kuchotea tope la sakafu ya bahari, na mwishowe misafara mizima. Sisi wa sitahani tulimwita Mama Tope, kwa sababu kila bomba lilipopanda alimega punje ya tope akaitafuna kwa meno ya mbele, ajue kama lina mchanga. Mpishi wetu, Halstein, hakumwacha salama: “Anakula tope, halafu anathubutu kuniambia uji wangu una madonge!”

Fahari yake ilikuwa kituo cha kaskazini kabisa. Kila Agosti alichota maji na tope palepale, mwaka baada ya mwaka, ili bahari ilinganishwe na yenyewe. Mwaka mmoja ukikosekana haurudi.

Agosti 2008 barafu ilikuwa nene, na tulibakiza nusu siku kufika. Jumamosi mchana, uji wa mchele ukiwa mezani, Halstein alianguka akishika tumbo. Nahodha Eilert alimfuata Torbjørg maabara. “Helikopta haitufikii huku. Tukigeuka sasa, barafu itatufungia njia. Kituo chako hatutakiona mwaka huu.”

Halstein alikuwa akisikiliza kutoka kwenye machela. “Nipeni vidonge tu, jamani. Nitavumilia mpaka mchote.”

“Nyamaza wewe,” Torbjørg akamwambia. “Tope limekaa huko miaka elfu kumi, litangoja. Kidole tumbo chako hakina subira hiyo.” Akamgeukia nahodha: “Geuza meli, Eilert.”

Maji, lakini, hayangoji, na hilo alilijua kuliko sisi sote. Baadaye watu wa ofisini walipendekeza pengo lijazwe kwa wastani wa miaka miwili ya jirani, mchoro wa vipimo upendeze. Alikataa katakata. “Hatukufika. Andikeni hatukufika.” Hadi leo mstari wa mchoro ule umekatika mahali pamoja. Wanafunzi wakiuliza, hujibu, “Hapo yupo Halstein,” na kuendelea na kazi.

Torbjørg, asante kwa maji yote uliyoyachota, na kwa yale uliyokubali kuyaacha. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na zamu, miguu mikavu, na uji usio na madonge. Halstein ameupika mwenyewe leo, na anasema ukitoa kasoro utaosha sufuria.

Jambo moja la siku ile wengi hawalijui. Tuliposhuka kusini hadi helikopta ikaweza kutufikia na kuondoka na Halstein, Torbjørg hakwenda chumbani. Alibaki sitahani, jua lisilotua likimpiga usoni, akiosha chupa ambazo hazikuchota kitu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri redio ilisema Halstein ametoka salama kwenye upasuaji. Alifunika chupa aliyokuwa nayo mkononi, akavua mabuti, na saa kumi na mbili kasoro dakika kumi akalala.