Vailet Adrian Margwe, Fundi wa Vichwa wa Maisaka

Wapendwa katika Kristo, huyu tunayemlaza leo alizaliwa Bonga tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa tatu wa marehemu Adrian Margwe na Mama Natalia. Alizaliwa na nywele nyingi mpaka mkunga akasema, "Huyu amekuja na kilemba chake." Alibatizwa mwezi wa tano mwaka huo huo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bonga, 1999 hadi 2005. Akiwa darasa la tano, mwalimu wa zamu aliwakuta watoto kumi na mmoja hawajanyoa. Aliwachapa fimbo, kisha akawapitishia mkasi, njia moja kutoka paji la uso hadi kisogoni, na mmoja akatoka damu sikioni. Vailet alikuwa kati yao. Waliona aibu kurudi nyumbani vile, basi akatafuta wembe, akawakalisha kando ya barabara ya Dodoma, akawasawazisha wote. Mwisho akajinyoa mwenyewe kwa kupapasa. Mama Natalia alipomwona akauliza, "Nani amekunyoa vizuri hivi?" Kazi yake ilianzia hapo.

Mwaka 2007 alipelekwa Babati mjini kwa Mama Elieshi, mwenye saluni jirani na stendi. Miezi sita alifagia nywele na kufua taulo. Siku aliyopewa chanuo la moto alimuunguza mama mmoja sikio. Yule mama akamwambia, "Sikio hili nilikuwa niende nalo kipaimara cha mwanangu. Sasa niketi upande gani?" Vailet akajibu, "Shikamoo mama. Keti kushoto, padre hataliona." Mama Elieshi alicheka mpaka akakaa chini. Kufika 2009 alijua kusuka, kuweka dawa, na kunyoa wanaume kwa mashine, jambo ambalo wanawake wachache hapa walilifanya. Mwaka 2014 alifungua saluni yake Maisaka, akafundisha mabinti sita.

Tarehe 5 Septemba 2015 alifunga ndoa na Sosthenes, wakajaliwa binti, Anjela. Mwanzoni walipendana, tusiseme uongo. Baadaye ukaja ugomvi wa kunyoa wanaume. "Mwanamke gani anapapasa visogo vya watu kutwa nzima?" mume alimwambia. Vailet akamjibu, "Hivyo visogo ndivyo unavyokula." Sosthenes alimpiga kwa waya wa pasi. Alimvunjia vioo vya saluni mara mbili. Mwaka 2023 alimkandamiza kiganja cha kulia kwenye jiko la mkaa, kiganja cha kazi. Vailet alijifunza upya kushika mkasi, kwa mkono wa kushoto.

Novemba 2024 alikimbilia Bonga kwa mama yake pamoja na mtoto. Sosthenes alikuja na wazee wake, na mbuzi, na ndoo ya asali, kuomba msamaha kama tulivyozoea. Vailet alisimama mbele ya kikao akasema, "Baba zangu, nikirudi ataniua. Niacheni nikae hapa, saluni nitakwenda na kurudi kwa bodaboda." Baba yake mkubwa, Mzee Konstantini, akamwambia, "Binti, ameshaomba msamaha. Tukirudisha mbuzi tutaonekana watu gani?" Mama yake mdogo, ambaye ameandika maneno haya, alisali naye, akamwambia avumilie. Kisha akaingia jikoni akampika yule mbuzi. Tukala. Kesho yake Vailet akarudishwa.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, saa kumi jioni, alikuwa akimnyoa jirani yake, Mzee Wilbroad. Sosthenes aliingia na panga. Alimkata Vailet mkono aliouinua kujikinga, kisha kichwani mara tatu. Mzee Wilbroad alipambana naye kwa kiti mpaka vijana wa bodaboda wakamdhibiti. Sasa yupo mikononi mwa polisi. Jumapili, hospitalini, Vailet alifumbua macho akamwambia kaka yake Romanus, "Mzee Wilbroad nilimwacha upande mmoja. Mwombe radhi." Mzee yupo hapa leo, na upande ule hajaunyoa. Kisha akasema, "Anjela asipelekwe kwao, hata waje na ng'ombe." Alifariki Jumatatu tarehe 10, saa tatu asubuhi.

Jana kikao kilitaka iandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mama Natalia akasema, "Mwanangu hakuugua. Andikeni alivyouawa, na mwandike nani walimrudisha." Basi imeandikwa.

Ameacha mama, kaka yake Romanus, dada yake Nataana, mabinti wake wa saluni, na Anjela, ambaye yuko darasa la tatu. Upande wa mume wametuma ujumbe kwamba baada ya matanga watakuja na wazee kumchukua mtoto. Wasikie hapa, mbele ya jeneza: Anjela anabaki Bonga. Mzee Konstantini alitamka hivyo jana kwa kinywa chake, akilia, na safari hii hakuna kikao kitakachokaa.

Bwana ampokee Vailet, ampe pumziko aliloliomba kwetu tukamnyima. Amina.