Afande Alipotufasiria Ziwa

Benchi letu la Katunguru liko karibu na daraja, mbele ya birika la Hanifah, muuza chai, na hakuna jambo la dunia hii ambalo hatujalikatia shauri pale. Siku ile ya mwaka sitini na tisa tulikaa tumeshiba elimu. Wazungu waliopima maji ya ziwa na ya mfereji unaopita chini ya daraja kwa miaka mitatu walituita sisi na wavuvi mwaloni, penye mitumbwi, asubuhi, watueleze walichokiona. Mkubwa wao alisema Kiingereza nusu saa nzima, na aliyetufasiria ni Ojok, askari mstaafu, tunayemwita Afande. Pamoja naye kwenye benchi walikaa Magidu Kilomita, dereva wa lori la samaki, na Kule, aliyewabebea wataalamu chupa, kwa hiyo tunamwita Profesa. Mimi nilikaa mwishoni mwa benchi, nikiamini kila kitu.

AFANDE: Mimi nilifasiri sawasawa! Hapana neno ilianguka chini.

KILOMITA: Lakini afande, yeye alisema nusu saa. Wewe ulisema, "Ziwa iko sawa. Piga makofi!"

AFANDE: Kiingereza iko na maneno mingi ya bure. Ya jeshi ni fupi. Haraka haraka haina baraka!

KILOMITA: Na ile sahani ya rangi mbili, walikuwa nashusha kwa maji na kamba kila siku? Ile ni petroli wanatafuta. Petroli haijifichi kwangu mimi.

AFANDE: Petroli gani? Chini ya mfereji iko njia ya jeshi, inatokea Congo. Wanapima kama tanki itapita.

PROFESA: Nyinyi hapana jua. Nani alibeba chupa? Chupa elfu moja ya maji, yote ilienda Ulaya. Wanahamisha ziwa, chupa kwa chupa. Bandu bandu huisha gogo!

KILOMITA: Wallahi! Ndiyo maana maji ilishuka kwa nguzo ya daraja!

HANIFAH: Ilishuka sababu jua iliwaka. Lete kikombe.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika Alisi, mjane mwenye mtumbwi, wavu begani.

ALISI: Habari zenu, wazee. Mimi nilikuwa kwa mazishi Munkunyu, mkutano ilinipita. Nasikia mzungu alichora ziwa kwa ubao, akaweka alama nyekundu pale ninavua siku zote. Alisema tuvue, ama tusivue?

Sote tuliiona ile alama. Tuliipigia makofi mpaka viganja vikauma.

PROFESA: Mama, samaki mkunje angali mbichi.

ALISI: Sikuuliza methali, Kule. Wavu iko moja. Kama ni makosa, bwana samaki wa serikali ataichukua. Kama samaki inazalia pale, nitamaliza mama na watoto yake, na mwaka kesho watoto yangu itakula nini? Tuvue, ama tusivue?

Afande alitazama ndani ya kikombe chake. Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe niliona aibu, maana kule mkutanoni nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

AFANDE: Pale kwa alama alisema neno moja, akarudia mara tatu. Mimi sikuijua. Ndiyo maana niliamuru makofi.



ALISI: Gari yao iko wapi?

KILOMITA: Bado iko darajani. Tembo zimesimama kwa barabara.

ALISI: Basi tuende kabla tembo haijaondoka.

HANIFAH: Na huko nani atafasiri?

 Birika lilikuwa tupu, na Alisi alikuwa ameshaondoka na wavu wake. Tukamfuata, Afande nyuma kabisa. Pale darajani mzungu alikuwa ameketi kwenye gari, ubao umeegemea tairi.  Alisi aliutandaza wavu juu ya ile alama nyekundu, akamtazama mzungu.

Mzungu akashuka. Aliuinua wavu kwa mikono miwili, akamrudishia, akatikisa kichwa mara tatu, polepole.

Afande akatugeukia, akasimama wima.

"Amesema tusivue," alisema.

Safari hii hakuamuru makofi.